Gunia la Mto Ngwasi

Jumamosi, saa nne asubuhi, mvua ilikuwa bado inanyesha na foleni ya wakulima nje ya ghala la mpunga la Mwanyani ilikuwa imefika barabarani. Ndani ya ofisi ya ushirika mkutano ulikuwa umekwama. Miaka ya nyuma wezi walivunja ghala lile, na tangu hapo ikawekwa sheria kwamba mlango haufunguliwi mpaka viongozi watatu wawepo kwa pamoja. Wezi walikamatwa, wakafungwa, wakatoka, wakahama. Sheria ikabaki, na siku hiyo kiongozi mmoja hakuwepo. Mwenyekiti alikuwa akiitetea: sheria imetulinda, kwa nini tuiondoe? Ndipo mama mmoja aliyesimama kizingitini, kanga yake imeroa chapachapa, akasema, "Mwenyekiti, gunia la mto halipandi mlima."

Watu wazima wakaangua kicheko. Mwenyekiti alijaribu kukunja uso, akashindwa, akamwagiza karani aende akafungue ghala.

Vijana hawakucheka, maana hawakujua cha kuchekea. Mkutano ulipokwisha wakamfuata Mzee Elinihaki, aliyewahi kuwa katibu wa ushirika huo, wakamkuta ukumbini akingoja mvua ipungue.

"Babu, gunia gani hilo? Na mto upi?"

"Mto Ngwasi. Mnaupita kila siku darajani mkiwa mmeshika simu."

"Basi ni methali ya wahenga."

"Wahenga gani? Wakati huo gari lilikuwepo." Akawaonyesha benchi wakae. "Methali ni hiyo mliyoisikia: gunia la mto halipandi mlima. Wengi huitumia bila kujua ilikotoka, ndiyo maana huitumia vibaya. Chanzo chake ni hiki."

Daraja lilikuwa halijajengwa. Mwanyani ilikuwa na gari moja, Landrova ya ushirika, pikapu yenye turubai nyuma, na dereva mmoja, jina lake Senzia. Senzia hakuwa fundi wa kusomea. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ile ilimfanya kuwa mwangalifu kuliko mafundi. Masika yalipokaribia alibadilisha mipira ya waipa hata kama ya zamani ilikuwa bado inafuta. Vichwa vya betri alivisugua vikang'aa, akavipaka grisi. Distribyuta, inayogawia plagi umeme, aliivika mfuko wa nailoni, akaifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Kila jioni alilala chali chini ya gari akikwangua tope, kwa kuwa tope lililolala mvunguni hula bati. Na kila alipotoka majini alikanyaga breki polepole, tena na tena, mpaka zikauke na kushika. Watu walimcheka. Walisema Senzia anaijua Landrova kuliko anavyomjua mkewe, na mkewe alikubaliana nao.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Masika moja ya nyuma gari lilizimika katikati ya Ngwasi. Feni ilikuwa imechota maji na kuyarushia plagi, injini ikakata, na maji yakaanza kupanda milangoni huku akina mama wakiwa nyuma na mizigo yao. Ng'ombe sita ndio waliolivuta gari lile. Hakuna aliyekufa, lakini tangu siku hiyo Senzia alipousikia mto ule ukivuma kwa mbali, viganja vyake vilitoa jasho.

Aliyemwondolea hofu hiyo ni Kirumbe. Nyumba yake ilikuwa kando ya kivuko, na kazi aliyojitwalia, bila kutumwa na mtu, ilikuwa kupima maji kwa fimbo. Baada ya mkasa ule Kirumbe alileta gunia la katani, akalifunga kwa kamba mbele ya gari, juu ya wavu ulio mbele ya rejeta. Gari liliposhuka mtoni, gunia liliyakinga maji yakapita pembeni, na feni ikakosa cha kuchota. Walivuka. Wakavuka tena siku iliyofuata, na masika yote, na masika ya mwaka uliofuata. Injini haikukata tena hata mara moja.

Ikawa ndiyo desturi. Gari lilisimama ng'ambo hii, Kirumbe akafunga gunia, akatangulia na fimbo yake, gari likamfuata. Upande wa pili alilifungua, akalikamua, akajitupia begani na kurudi kwake kungoja safari ya kurejea. Kila mtu alimwona akilifungua, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kirumbe mwenyewe angeulizwa, angejibu kwamba analichukua kwa sababu ni lake. Ndilo alilojifunikia mvua alipokaa kivukoni.

Kijiji kililipenda gunia lile. Maji yakiwa ya kifundoni, abiria waligoma kuvuka mpaka lifungwe. Bibi mmoja alilishika kwa mkono kabla ya kupanda gari, kama mtu anayebisha hodi.

Basi masika ya mwaka wa tatu, mvua ikiwa imechachamaa, Kirumbe aliugua. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Ilikuwa ikitoka, anajilaza, anairudisha kwa kiganja, anaendelea na shughuli zake. Asubuhi hiyo aliinua gogo lililoletwa na maji kivukoni, ngiri ikatoka, na safari hii ikakataa kurudi. Ilipotimia saa nne alikuwa amejikunja sakafuni, akitapika, na uvimbe wake ulikuwa mgumu kama jiwe.

Tabibu wa zahanati alimpapasa mara moja tu.

"Imenasa," alimwambia Namkunda, mkewe Kirumbe, aliyeitwa pia mama Nanzia. "Utumbo umebanwa, damu haipiti. Unaweza kuoza ndani ya mtu akiwa hai. Apelekwe hospitali ya mlimani apasuliwe leo hii. Ikifika kesho mimi simwahidi mtu kitu."

"Mdunge sindano basi, alale."

"Nikimlaza atalalia kifo, mama. Na sikilizeni jambo moja. Atalia njia nzima. Akinyamaza ghafla, msishukuru. Kimbieni."

Godoro likatandikwa nyuma ya Landrova. Namkunda akapanda na kukipakata kichwa cha mumewe. Kaka yake Namkunda, Mchome, aliingia mbele kwa dereva. Mchome alikuwa muuza maziwa. Kila siku alipeleka madumu mjini kwa baiskeli, na alikuwa mtu wa kujua kila kitu, hasa asichokijua.

Mtoni walikuta maji mekundu, mazito, yakikokota matawi. Mpima maji alikuwa amelala nyuma. Mchome akachukua fimbo yake na kuingia, maji yakamfika mapajani.

"Yanavukika!" alipiga kelele. "Lakini harakisha, yanapanda!"

Gunia alilifunga Senzia mwenyewe. Kamba zilizolowa zikawa zinateleza. Kirumbe aliinua pembe ya turubai akamtazama.

"Kaza upande wa chini," alisema kwa taabu. "Unafunga kama unafunga kiatu cha mtoto."

"Nyamaza, kaka. Nimekaza."

"Hujakaza. Ningekuwa na nguvu ningekuchapa na fimbo hiyo."

Senzia akakaza. Akaingia mtoni kwa gia ya nguvu, bila kuongeza wala kupunguza mafuta, macho yakimfuata Mchome aliyekuwa mbele akiyumba. Maji yalipanda mpaka kwenye taa. Gari lilielea kidogo upande wa nyuma, likasogezwa, likagusa mawe tena. Senzia hakupumua mpaka alipoona pua ya gari inainuka kwenye ukingo wa pili.

Hapo palikuwa na sehemu ya kokoto ambapo kila siku alisimama. Mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Akangoja, kama alivyozoea kungoja. Mchome alirukia ndani akitiririka maji. Hakuna aliyekuja mbele ya gari. Nyuma Kirumbe alitoa ukelele, Namkunda akaita, "Shemeji, twende!" na Senzia akatia gia akaondoka.

Barabara ya bondeni aliimaliza vizuri. Alizikausha breki, akaona zinashika. Injini ilinguruma kwa sauti aliyoijua. Kisha mlima ukaanza, barabara ya udongo mwekundu inayopanda kwa kona moja juu ya nyingine, upande mmoja ukuta wa jabali, upande wa pili mashamba ya migomba yaliyoonekana chini kabisa, yakizidi kuwa madogo.

Hawakuwa wamepanda sana alipotupia jicho dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umevuka nusu. Akaangalia mbele, akaangalia tena. Umepanda zaidi.

Akasimama, akafungua boneti. Mvua ilianguka juu ya injini ikageuka mvuke papo hapo. Akakagua mkanda wa feni, ulikuwa mzima. Akachungulia mipira ya maji, haikuvuja. Alingoja mpaka alipoweza kufungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akaongeza maji kidogo. Kisha macho yake yakatua kwenye gunia. Lilikuwa limelowa na kupakaa tope, likifuka mvuke. Akashika fundo.

"Nilitoe hili?" alimuuliza Mchome, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Ulitoe kwa nini?"

"Sijui. Liko mbele ya rejeta."

"Ndiyo, na ndilo linalolipoza gari lako! Wewe dereva, mimi maziwa yangu nayapelekaje mjini kwenye jua kali? Navika madumu gunia bichi. Nafika, maziwa yamepoa kama yametoka kisimani. Gunia bichi ni baridi. Tulimwagie maji zaidi, ndiyo dawa."

"Maziwa hayapandi mlima, Mchome."

"Baiskeli inapanda! Halafu Korongo la Nyuki liko mbele yetu na maji yake, au umelisahau? Ukifika pale huna gunia, injini ikikata, utamwambia nini dada yangu?"

Senzia aliliachia fundo. Kila alichokijua kuhusu gunia lile ni kwamba lilipokuwepo gari lilivuka, na lilipokosekana gari lilizimika. Mchome akachota maji ya mtaroni kwa dumu na kulimwagia gunia, na maji yakachuruzika. Senzia alipowasha, mshale ulikuwa umeshuka.

"Umeona?" alisema Mchome.

Senzia aliona. Kilichoushusha ni kule kusimama, lakini hilo hakuliona. Waliondoka, na baada ya kona chache mshale ukaanza kupanda tena.

Wakasimama tena. Wakamwaga maji tena. Mshale ukashuka, wakaondoka, ukapanda. Safari ikawa hivyo: kipande cha mlima, kisha kusimama na kungoja, kisha kipande kingine kifupi kuliko cha kwanza. Kila waliposimama, kilio cha Kirumbe kilisikika wazi, kwa sababu injini ilikuwa imenyamaza. Senzia alikuwa akihesabu pumzi kati ya kilio kimoja na kingine, bila kutaka.

"Shemeji," Namkunda alisema kutoka nyuma, "hili gari lina nini leo? Mbona siku zote linapanda?"

"Limechemka, mama Nanzia. Linapoa sasa hivi."

"Wewe ni dereva au mpika supu?"

Mchome alicheka. Namkunda hakuwa akitania.

Kadiri walivyopanda, Senzia alitafuta kosa. Alijiuliza kama maji ya mto yameingia kwenye oili, akatoa kijiti cha kupimia akakifuta na kukitazama: oili ilikuwa safi. Labda rejeta imeziba kwa kutu; lakini aliisafisha mwenyewe kabla ya mvua. Alianza kuamini kwamba injini inakufa, kwamba kuna kitu ndani yake ambacho uangalifu wake wote haukukiona, na kwamba itafia hapo, katikati ya mlima, na mtu atafia nyuma yake.

Kituo kilichofuata, alipozima, hakusikia kilio.

Alisikia mvua juu ya turubai, na maji ya mtaroni. Akageuka.

"Amenyamaza," Namkunda alisema. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mungu ni mwema. Maumivu yamepungua, amesema mwenyewe. Amepata nafuu."

Mchome alifungua kinywa kusema alhamdulillahi, au amina, au lolote, akamwona Senzia, akakifunga. Wote wawili walikumbuka maneno ya tabibu kwa wakati mmoja. Namkunda aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kidogo kidogo ule ulegevu ukamtoka usoni.

"Washa gari," alisema.

"Mshale haujashuka, mama Nanzia. Nikiwasha sasa injini itakamata ife kabisa."

"Washa gari, Senzia."

Akawasha. Akaendelea kupanda mshale ukiwa juu, harufu ya moto ikiingia ndani, mvuke ukitoka pembeni mwa boneti na kuufunika mkono wake wa kulia uliokuwa dirishani. Walifika kwenye kona kubwa, ile ambayo siku hizi ina ukuta wa saruji. Wakati huo haikuwa na ukuta. Mvua ilikuwa imeilainisha ikawa kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Magurudumu ya mbele yalipita. Ya nyuma yakazunguka pale pale, yakarusha tope, na mkia wa gari ukaanza kuteleza kuelekea upande wa migomba, taratibu, bila kelele.

Senzia alivuta breki ya mkono na kukanyaga ya mguu. Gari likasimama limekaa mshazari. Mchome aliruka nje, akatupia jiwe nyuma ya gurudumu, na jingine, kisha akachungulia ukingoni na kurudi akiwa amebadilika rangi.

"Usisogee nyuma," alisema. "Hata kidogo. Usisogee."

"Tafuta kitu cha kuweka chini ya tairi! Matawi! Nyasi!"

"Hapa pana jabali tupu, nitafute wapi?"

Alirarua majani ya kando ya mtaro, akayasukumia chini ya tairi. Senzia alijaribu. Tairi likayatafuna na kuyatema, na gari likarudi nyuma kiasi cha upana wa kiganja. Jiwe lilisaga.

Namkunda alishuka. Alishuka kwa upande wa jabali, akazunguka mbele, akasimama akilitazama gunia.

"Dada, hapana," alisema Mchome. "Hilo hapana. Korongo liko mbele."

"Korongo liko mbele. Shimo liko hapa."

"Kirumbe mwenyewe alisema—"

"Kirumbe ni mume wangu, na gunia ni la nyumbani kwangu. Kaza macho kwenye jiwe lako."

Mafundo yalikuwa yamevimba kwa maji. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno, kisha akamwomba Senzia kisu cha kukatia mpira, akazikata kamba zote. Alilibeba lile gunia linalofuka hadi nyuma, likiunguza mikono yake, akapiga magoti kwenye tope na kulisukumiza mbele ya tairi kwa mikono yote miwili mpaka likazama chini ya mpira. Kisha akasogea.

"Sasa," alisema.

Senzia aliachia klachi kama mtu anayeweka yai mezani. Tairi lilishika gunia. Gari likatetemeka, likainuka, likatoka. Hakusimama mpaka alipofika penye mawe makavu mbele ya kona. Akawangoja wapande. Gunia lilibaki nyuma, limechanika vipande viwili, limezikwa kwenye tope la kona ile.

Alipotia gia tena hakutaka kuangalia dashibodi. Aliangalia barabara. Alijua anachokwenda kukiona. Mlima uliobaki ulikuwa mkali kuliko waliopanda, naye alikuwa ameamua kuendesha mpaka injini ife, kisha wambebe mgonjwa kwa godoro. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Harufu ya moto ilikuwa imepungua. Akatupia jicho.

Mshale ulikuwa katikati.

Alifikiri geji imeharibika. Akaigonga kwa ukucha. Mshale ukatikisika, ukarudi katikati, na wakiwa bado wanapanda, kwa gia ile ile, mvua ile ile, ukaanza kushuka.

"Mchome," alisema.

"Nimeona."

Walipita kona nyingine.

"Upepo," alisema Senzia. "Rejeta inavuta upepo. Tuliiziba pua."

Mchome alitazama nje upande wake. "Madumu ya maziwa hayapumui," alisema baada ya muda, na hapo ndipo alipoacha kubishana siku hiyo.

Korongo la Nyuki walilikuta na maji yasiyofika hata kwenye mhimili. Walilipita bila kupunguza mwendo.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima, milango wazi. Wahudumu walimshusha Kirumbe akiwa baridi, macho yamezama, haongei. Daktari alimpapasa tumbo, akamwangalia tabibu msaidizi wake, akaagiza maji ya mshipa na chumba cha upasuaji kwa pumzi moja. Kisha akawageukia waliomleta.

"Kilio kiliacha lini?"

"Mlimani," alisema Namkunda.

"Mlitoka Mwanyani asubuhi. Mto ulikuwa umejaa?"

"Mto tulivuka vizuri," alisema Senzia.

"Kama mto mlivuka vizuri, muda wote huu mlikuwa wapi?"

Senzia alitaka kueleza juu ya feni, na plagi, na Kirumbe aliyekuwa akifunga na kufungua, na maziwa ya Mchome. Aliyejibu ni Namkunda, tope likiwa limemkauka hadi viwikoni.

"Tulikuwa na gunia la mto, daktari. Tukalipandisha mlima."

Daktari hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi la korido. Hakuna aliyekula. Mchome alinyanyuka mara kwa mara kwenda kuiangalia Landrova, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyolazwa. Senzia alikaa mikono kati ya magoti, akiyatazama malengelenge mekundu ya moto kwenye mikono ya Namkunda, na Namkunda akiutazama mlango.

Jua lilikuwa linazama mlango ulipofunguliwa. Sehemu ya utumbo ilikuwa imekufa, daktari alisema. Wameikata na kuunganisha sehemu zilizo nzima. Wangekuja mapema kidogo isingekatwa. Wangechelewa kidogo zaidi, asingekuwa na kitu cha kuunganisha. Mgonjwa yuko hai.

Tangu siku hiyo, kivukoni Ngwasi kulikuwa na neno moja la ziada. Gari lilipotoka majini, abiria wote, hata watoto, walipiga kelele kwa dereva: "Gunia la mto halipandi mlima!" na Senzia akashuka na kulifungua mwenyewe. Lilikuwa bado ni neno la gari. Halikuwa methali.

Kirumbe alirudi nyumbani masika yakiwa yamekwisha. Daktari alimwamuru asiinue kitu mpaka kovu likomae, na Namkunda akaishika amri ile kwa mikono yenye makovu yake mwenyewe. Kirumbe hakugusa jembe. Hakugusa ndoo. Akiinama kufunga kiatu, mkewe alimtangulia. Kovu likakomaa. Daktari alimwona mara ya pili, akambonyeza tumbo, akasema sasa afanye kazi, kukaa kutamdhoofisha. Namkunda akasema daktari haishi naye. Kirumbe akabaki kitako, akichambua maharage, akikonda, huku majirani wakipita kwenda mashambani na kumwamkia, "Hujambo, bibi harusi?" Alikuwa ameanza kuchoka akitembea kutoka kitandani hadi jikoni.

Asubuhi moja ya kutayarisha majaruba ya mpunga, Senzia na Mchome walipita kwake, wakamkuta amesimama ndani na jembe begani. Namkunda alikuwa mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Hutoki," alisema. "Kukaa ndiko kulikokuponya."

"Kweli, kuliniponya," alisema Kirumbe. "Sibishi."

"Basi kaa."

"Mama Nanzia, siku ile hospitalini, daktari alipokuuliza mlikuwa wapi, ulimjibu nini?"

Namkunda alimtazama kaka yake. Akamtazama Senzia, na Senzia akainamisha macho. Kisha Namkunda akauachia mlango, mkono mmoja, halafu wa pili, akasogea kando, na mumewe akatoka na jembe lake kwenda shambani.

"Haya," alisema Namkunda. "Gunia la mto halipandi mlima."